Ugonjwa Ulioitwa Tusekile

Mtu mzima na akili zake, tena msomi, alikuja akaupiga teke mchele wa Tusekile katikati ya soko la Kyela, mchana kweupe, na mvua ndiyo kwanza imekatika. Sinia likapinduka, mchele ukalala kwenye tope.

"We kaka! Hayo macho umeyaweka kwa ajili ya nini?"

"Samahani dada, samahani sana. Majani yangu yanakufa."

"Majani?" Tusekile akasimama, mikono kiunoni. Alikuwa amejifunga kitenge cha rangi ya chungwa, nywele kazisuka mistari, na midomo yake ilikuwa tayari kwa ugomvi. "Mchele wangu uko kwenye tope, na wewe unalilia majani?"

Kijana alikuwa amekumbatia gazeti lililolowa, na ndani yake yalichungulia majani ya mpunga, ya njano. Shati lake jeupe lilichomekewa vizuri, lakini suruali ilikuwa tope mpaka magotini. Tai aliivaa hivyo hivyo na joto lote lile, na kwenye tai palitariziwa jani lenye madoa.

"Nahitaji barafu," akasema. "Nani ana barafu hapa sokoni?"

Rukaya, mwenye duka la vinywaji lililotazamana na meza ya Tusekile, akatoa kichwa dirishani, mtandio wake wa kijani umemtelezea begani. "Barafu ninayo mimi. Ipo ya ubuyu, ipo ya maziwa. Hayo majani yako yanapenda ipi?"

Watu wakacheka. Kijana naye akacheka, akampa Rukaya gazeti lake aliweke kwenye friji, kisha akarudi, akapiga magoti kwenye tope na tai yake ile, akaanza kuokota mchele. Tusekile akamtazama vizuri sasa. Alikuwa mrefu, mweusi wa kung'aa, na ana vishimo mashavuni. Hasira ikampungua bila yeye kuipa ruhusa.

Huyo ndiye Hezroni, mtoto wa Bujonde, aliyekwenda kusoma mbali akarudi mtaalamu wa magonjwa ya mimea. Alikuwa pia mwanachama wa Chama cha Taifa cha Magonjwa ya Mimea. Ndiyo, kipo chama cha namna hiyo, usicheke. Wana rais, wana katibu, wana tai zenye jani la madoa, na kila mwaka hukutana wakaoneshana picha za mimea inayokufa na kupigiana makofi. Mimi chama sina neno nacho, kazi yao ndiyo inayookoa sahani zetu. Neno nililonalo ni juu ya huyu mmoja.

Basi akawa haishi sokoni. Kila akija, kisingizio ni barafu.

"Daktari wa majani, leo nani kafariki?"

"Leo hakuna msiba, mama mchele. Nimekuja kukuona."

"Mimi sina madoa. Nenda kwa wagonjwa wako."

"Nani kasema huna? Hebu geuka nikupime."

"Rukaya! Njoo umtoe huyu mtu wako mezani kwangu!"

Lakini akichelewa kuja, Tusekile alikuwa akipima mchele huku shingo imegeukia njia ya stendi, na wateja wakaanza kusemezana.

Siku ya siku Tusekile akampeleka Hezroni kwao Busale. Mama yake alikuwa mwanamke wa maneno machache. Busale nzima walimjua kwa miche. Kila msimu alikuwa na kitalu cha mpunga kilichonyooka, kijani kibichi, na majirani walikuja kuchukua miche kwake kwa utaratibu wao: ukichukua, siku ya kupanda unakuja kuinama shambani kwake. Ndivyo shamba lake lilivyopandwa miaka yote, kwa migongo ya watu na nyimbo zao.

"Mugonile, mama," Hezroni akasalimia, ameinama vizuri kama alivyolelewa.

Mama akamwitikia, akamtazama viatu, akaridhika. Wakazunguka shamba. Kwenye kona moja, kando ya njia ya ng'ombe, palikuwa na mpunga wa zamani uliojiotea, umedumaa, umekuwa wa njano.

"Kimyanga, ugonjwa wa njano wa mpunga," Hezroni akasema, na macho yakamng'aa. Angekuwa mtu mwingine angesikitika. "Lakini angalieni haya madoa. Sijawahi kuyaona yakikaa hivi. Hiki ni kimyanga kigeni."

"Kitaua miche yangu?" mama akauliza.

"Hapana, mama. Hiki hakikai kwenye mbegu. Kimeletwa na ng'ombe wanaopita, au mundu, au mikono ya mtu aliyetoka shamba lenye ugonjwa. Kitalu chako kiko mbali, ni kizima kabisa."

Tusekile mwenyewe ndiye aliyechukua mundu wa mama yake akamkatia yale majani, huku akimtania kwamba wenzake huletewa maua na wachumba wao. Kumbuka hilo, maana yeye halikumtoka kichwani.

Miezi ikapita. Hezroni akaenda Dar es Salaam na majani yake. Wakawa wanaongea kwa simu asubuhi na jioni mpaka Rukaya akalalamika kwamba chaji yote ya dukani kwake inaliwa na mapenzi. Kisha alasiri moja, soko limejaa, simu ikalia.

"Mpenzi wangu, uko wapi?"

"Niko kwenye mchele, malaika wangu. Mbona unahema?"

"Mwambie Rukaya afungue redio. Nimekuandalia zawadi ambayo hakuna mwanaume wa Kyela aliyewahi kumpa mwanamke."

"Hezroni, usinichezee. Ni pete?"

"Zaidi ya pete. Pete huvuliwa."

Tusekile akapiga kigelegele hata kabla hajajua anapigia nini. Rukaya akaongeza sauti mpaka mwisho. Wauza nyanya wakasogea, wauza dagaa wakasogea, bodaboda wakazima pikipiki zao. Mtangazaji akasoma kwa ile sauti yake ya kupendeza:

"Wataalamu wamethibitisha kuwapo kwa aina mpya ya virusi vya kimyanga katika kata ya Busale, wilayani Kyela. Aina hiyo imepewa jina la Tusekile. Wakulima wanashauriwa, wanapomwona Tusekile shambani, wamng'oe na kumchoma moto mara moja."

Kisha mtu mmoja upande wa nyanya akashindwa kujizuia, akacheka, na kicheko kikatapakaa soko zima.

Simu ilikuwa bado sikioni. "Umesikia, mpenzi? Umeingia kwenye sayansi! Watakusoma miaka mia!"

"Hezroni." Sauti ya Tusekile ilikuwa ya chini. "Umeniita ugonjwa?"

"Hapana, hapana, mpenzi. Ugonjwa ndio nimeuita wewe."

Jamani! Wewe mwanaume, msomi, una mama, una dada, unajibu hivyo? Lakini ndivyo alivyojibu, tena kwa furaha. Kwao wataalamu, wa kwanza kuripoti ugonjwa ndiye huupa jina, na wengi huweka jina la kijiji ulikopatikana. Hezroni akaona kijiji hakitoshi kwa mapenzi aliyokuwa nayo. Akalala akilifikiria, akaamka akaliandika, wenzake chamani wakampongeza kwa kumshika mkono. Hakuna hata mmoja aliyemuuliza kama mwenye jina ameambiwa.

Tusekile akakata simu. Ilipolia tena akaizima.

Ingeishia kwenye kicheko cha sokoni, ningesema yaishe. Lakini kwetu mwanamke akishazaa huitwa kwa mwanawe. Mama yule, tangu Tusekile azaliwe, hakuitwa jina jingine Busale ila mama Tusekile. Kanisani mama Tusekile, kisimani mama Tusekile. Sasa bwana shamba akapita na kipaza sauti kwenye pikipiki, kijiji kwa kijiji: jihadharini na Tusekile, Tusekile anaua mpunga, chomeni Tusekile. Watu wakajumlisha wenyewe. Mama Tusekile, shamba lake ndiko ulikotoka, na miche ni yake. Waliokuwa wakimsalimia wakaanza kupita ng'ambo ya barabara. Kwenye kwaya, mwenzake aliyezoea kusimama naye bega kwa bega akahamia mstari wa nyuma.

Msimu wa kupandikiza ukafika. Kitalu kilikuwa kizuri kuliko miaka yote. Hakuja mtu.

"Mwanangu," mama akamwambia Tusekile, wamesimama kando ya kitalu, "wameenda kuchukua miche Ipinda. Wanabeba kwenye pikipiki, mbali kote huko, wanapita hapa mlangoni kwangu."

"Mama, nitaongea nao."

"Utawaambia nini? Wewe ndiye ugonjwa."

Hakusema kwa ubaya. Alisema kwa kuchoka, na Tusekile alilia njia nzima mpaka Bondeni alikokuwa amepanga chumba. Usiku huo akawasha simu.

"Mpenzi, hatimaye! Nimekupigia mpaka..."

"Usiniite mpenzi. Miche ya mama inapitiliza kitaluni. Hakuna anayeigusa."

"Lakini mbegu haina kosa! Kimyanga hakikai kwenye mbegu, kila mtu anajua."

"Kila mtu nani?"

"Iko kwenye ripoti, Tuse. Nimeandika wazi kabisa kwamba..."

"Mama yangu hasomi ripoti! Busale wanasikiliza redio, Hezroni! Ulipeleka jina langu redioni, ukashindwa kusema sentensi moja ya kumsafisha mama yangu?"

"Hawakuniuliza."

"Na mimi hukuniuliza."

"Kwenye sayansi ile ni heshima kubwa. Nilitaka dunia ijue nakupenda."

"Basi heshima hiyo kampe mama yako, tuone kama ataimeza." Akamfungia namba.

Hezroni akatuma ujumbe kwa Rukaya, akatuma sauti, akatuma picha zake ameshika tama. Rukaya akawa anazisoma kwa sauti dukani kama taarifa ya habari. "Anasema hali." "Asile." "Anasema hapati usingizi." "Akeshe." "Anasema chama chao kinakuja kufanyia mkutano mkuu hapa hapa Kyela, kwa sababu ya ugunduzi wake, na yeye anapewa nishani."

Tusekile akaacha kupima mchele. "Nishani ya nini?"

"Ya kukugundua, shoga yangu."

Mimi ningekuwa mratibu wa mkutano ule, ningeweka mlinzi mlangoni. Hawakuweka. Wageni walijaa ukumbini na tai zao, feni zinazunguka, mbele kumetundikwa kitambaa kikubwa cha kuwakaribisha. Hezroni alikuwa jukwaani na suti ya kijivu. Ukutani nyuma yake liliangazwa jani la njano, kubwa kama mlango, na juu ya jani herufi nene: TUSEKILE.

"Kama mnavyoona," alikuwa akisema, "Tusekile hudumaza mmea katika hatua ya awali. Tusekile ana ukali kuliko..."

"Nina ukali, ndiyo."

Vichwa vikageuka. Alikuwa amesimama katikati ya njia ya viti, amevaa gauni la zambarau lililomkaa mwilini, kilemba cha kitambaa hicho hicho, hereni za dhahabu za kuazima kwa Rukaya, na miguuni buti za mpira za mama yake, zina tope bichi la kitaluni. Mkononi alishika kishada cha miche iliyoanza kuwa ya njano kwa kuzeeka.

"Mimi ndiye Tusekile," akasema. "Mama yangu ni mama Tusekile, wa Busale. Nimesikia mnanijadili, nikaona si adabu mnijadili bila mimi."

Akainua kile kishada cha miche juu.

"Hii ni miche ya mama yangu. Haina ugonjwa. Huyo hapo mbele anajua haina ugonjwa, kitalu alikiona kwa macho yake. Imezeeka kitaluni kwa sababu watu wanaogopa jina langu. Mimi mwenyewe ndiye niliyemkatia yale majani, kwa mundu wa mama. Alikula ugali wa mama. Kisha akaenda akatuita ugonjwa, na leo mnampa nishani. Nataka jina langu. Mnirudishie sasa hivi, niende."

Rais wa chama, Profesa Eliya, mzee mnene mwenye miwani iliyoning'inia puani, akasimama taratibu. Hakuwa mtu mbaya. "Binti, tunasikitika kwa dhati. Lakini jina likishachapishwa halibadiliki. Njia iliyopo ni moja, nayo ni mwandishi kuiondoa ripoti yake yote. Akiiondoa, ugunduzi si wake tena. Atakayeripoti baada yake ndiye atakayehesabiwa wa kwanza, na ataupa namba au jina alitakalo." Akamgeukia Hezroni. "Hilo ni juu yako, daktari."

Tusekile akamtazama Hezroni. Ukumbi wote ukamtazama Hezroni.

Na Hezroni akafikiria. Aliangalia ukuta, akaangalia nishani iliyokuwa mezani kwenye kitambaa chekundu, akaangalia chini. Haukuwa muda mrefu, lakini Tusekile aliuona wote. Akaitupa ile miche juu ya meza ya rais, akageuka, na buti zake zikaacha nyayo za tope mpaka mlangoni.

Alikuwa ameshafika kwenye pikipiki Hezroni alipotoka mbio, tai imepinda. "Tuse! Nimeiondoa! Nimewaambia mbele ya wote, waandike kwamba nimeiondoa!"

"Vizuri."

"Basi turudi ndani, wanataka kukuomba radhi."

"Ulifikiria, Hezroni."

"Nini?"

"Nimekuona ukifikiria. Mama yangu alikuwa upande mmoja, nishani upande mwingine, na wewe ukapima. Mimi napima mchele kila siku, najua mtu anayepima anavyokuwa."

Hezroni alikuwa na maneno mengi ya Kilatini, lakini hapa hayakumsaidia. "Ni kweli," akasema. "Nilipima. Ni kazi ya miaka yangu yote, nikaogopa. Nichukie, lakini usiondoke."

"Nakuchukia." Machozi yakamtoka, naye akayafuta kwa hasira. "Nakuchukia na nakupenda, na vyote viwili vinanichosha. Dereva, twende Busale."

Hezroni akapanda pikipiki nyingine, akafuata.

Walimkuta mama kitaluni. Alikuwa anang'oa miche yake mwenyewe na kuirundika kando, mafungu makubwa, ili ikaoze. Alikuwa amejifunga khanga mbili na hakugeuka aliposikia pikipiki. Hezroni akavua viatu vya suti, akaingia kwenye tope.

"Mugonile, mama."

Mama hakuitikia. Huko kwetu, kunyimwa salamu na mtu mzima ni kipigo.

"Mama, nimeliondoa jina. Nimekukosea. Naomba unisamehe."

"Umeliondoa wapi?" Mama akanyooka mgongo. "Uliliweka redioni. Uliliweka kwenye kipaza sauti. Ukaliondoa wapi?"

"Ukumbini. Kwenye mkutano wa chama."

"Hao wa chama ndio wanaochukua miche kwangu?"

Hezroni akamgeukia Tusekile. Tusekile alikuwa amesimama ukingoni, mikono ameikunja kifuani, na hakumsaidia hata kwa nusu neno.

"Ni mizima hii?" mama akauliza, akionesha rundo.

"Ni mizima, mama. Imepitiliza tu. Itazaa kidogo, lakini itazaa."

"Baba yako ana shamba Bujonde?"

"Analo, mama. Hajapanda bado."

"Basi kama ni mizima, ibebe. Kapande kwenu. Usiipakie kwenye pikipiki hapa mlangoni. Ibebe kichwani, upite nayo barabara yote mpaka stendi, watu wakuone. Halafu ndiyo uje unisalimie tena."

Hezroni akavua koti la suti akalikunja likawa kata ya kichwani. Akajitwika fungu, maji ya tope yakimchuruzika usoni mpaka kwenye ile tai yao, akashika fungu jingine kwapani, akaanza kutembea. Tusekile akatangulia mbele, na buti zake na gauni lake la zambarau, bila kubeba hata mche mmoja. Mama akabaki kitaluni, lakini aliacha kung'oa.

Watu wakatoka nje. Wanawake waliokuwa wakichambua mboga barazani wakasimama. Mafundi baiskeli wakaacha kazi. Mtaalamu mwenyewe, yule wa redio, yuko peku na suti, anabeba miche ya mama Tusekile kichwani! Mwanamke mmoja, yule yule wa kwaya aliyehamia mstari wa nyuma, akashindwa kuvumilia.

"We daktari! Hiyo miche unaipeleka wapi?"

"Bujonde, mama. Shambani kwa baba yangu. Tunapanda kesho."

"Mtapanda hiyo? Nyie? Haina ule ugonjwa?"

"Haina, na haikuwahi kuwa nao. Kosa lilikuwa langu."

"Kwani ni miche ya nani hiyo?" Alijua, bwana, alijua vizuri sana. Alitaka kusikia tu.

Hezroni akasimama. Jasho na tope vilimwingia machoni na hakuwa na mkono wa kujifutia.

"Ni ya mama mkwe wangu," akasema.

Tusekile akageuka kwa kishindo. "Nani kakuambia? Umeniposa lini wewe? Unanitangaza tena barabarani bila kuniuliza?"

Hezroni akashtuka, miche ikayumba kichwani. Kisha, tope lote lile usoni, akapiga magoti pale pale katikati ya barabara, taratibu, asiiangushe. "Basi nakuuliza. Tusekile, utanioa... utakubali nikuoe?"

Wanawake wa barazani wakaziba midomo. Tusekile akamtazama juu mpaka chini. Hasira ilikuwa bado imejaa tele, wala sitakudanganya kwamba ilikuwa imekwisha. Akasogea, akatoa pindo la kilemba chake, akamfuta matope machoni, si kwa upole sana.

"Nitakujibu ukishapanda," akasema. "Inuka."

Akainuka. Tusekile akalichukua lile fungu la kwapani, akalikumbatia juu ya gauni lake la zambarau, akasimama ubavuni mwake.

"Na alichokuuliza huyu mama, miche ni ya nani, mjibu tena," akasema. "Kwa sauti. Wale wa kule kwenye baiskeli hawajasikia."